Nani Atamwitia Mama

Jumapili, 1 Juni

Zamu iko hewani! Nimeifungua leo baada ya misa ya pili, nikiwa kwenye kibanda changu cha kuchapa barua karibu na stendi ya Mbinga, nimevaa gauni la sikukuu utadhani naolewa.

Mama huniuliza kila wiki Zamu ni kitu gani, na kila wiki namjibu hovyo. Ngoja nijaribu hapa kwa utulivu. Ni programu ya simu ya kubadilishana ujuzi. Unajua kushona, unabonyeza Natoa, unaandika "kushona". Bomba lako linavuja, unabonyeza Nahitaji, unaandika "fundi bomba". Saa moja uliyomfanyia mwenzako inakupa haki ya saa moja ya mtu mwingine yeyote. Fedha haiingii. Wenye simu za kitochi wananitumia ujumbe, nawaingiza mwenyewe. Na kuna sharti moja ambalo nimeliandika kwa herufi nene kwa sababu nalionea fahari: HAKUNA KUPIKA, HAKUNA KUNYWESHA. Mtu anakuja, anafanya kazi, anaondoka.

Nimeliweka kwa makusudi. Ile ngokela ya utotoni kwetu Kingerikiti, ya majirani kulima shamba la mmoja wote kwa pamoja kisha kuhamia kwa mwingine, mimi naamini iliuawa na masufuria. Mwenye shamba alipika mpaka akakoma. Basi nimeondoa masufuria, nimebakiza jembe. Hata Iddy amesema hiyo ni akili, na Iddy hasifii kitu kisichotoka Tanga.

Iddy ndiye mtumiaji wa kwanza. Ni afisa mifugo, amepanga chumba nyuma ya kibanda changu tangu alipohamishiwa huku, na kila asubuhi hulalamikia baridi yetu kana kwamba mimi ndiye ninayeipika. Ameandika anatoa "kutibu ng'ombe, mbuzi, kuku, na ushauri wa ndoa". Hilo la mwisho nimelifuta. Mwenyewe hajaoa.

Jumanne, 3 Juni

Watu kumi na saba. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, nimechapa barua za watu nikiwa nimevaa makoti mawili.

Ijumaa, 6 Juni

Mama ameanguka.

Alikuwa anashuka kutoka shamba la maharage na kuni kichwani, umande bado haujakauka, akateleza kwenye ukingo wa ngoro, yale mashimo tunayolimia kwenye miteremko. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Jirani yake Vitalia ndiye aliyesikia ukelele. Alimpandisha kwenye bodaboda, akakaa nyuma yake kumshikilia, mpaka hospitali. Nimemkuta amefungwa hogo la plasta kupita kiwiko, anagombana na muuguzi kwamba hana nafasi ya kulala mchana.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umefunga kibanda? Sasa barua za watu anachapa nani?"

Yesu na Maria, mama huyu!

Hogo litatolewa mwanzoni mwa Agosti. Kahawa haitasubiri Agosti, imeshaanza kuwa nyekundu. Nilikuwa naliwaza hilo kimyakimya, simu ikaita, kaka yangu Methodi, yuko Dar. Nikaweka sauti ya nje ili amsalimie Mama, na nimejuta.

"Ida, mimi nimechoka kupigiwa simu za Mama kaanguka," alisema. "Mwaka jana goti, mwaka huu mkono. Nakuja Nane Nane na gari. Nikikuta kahawa imechumwa na kuanikwa, na Mama hajagusa hata tunda moja, nitanyamaza, atabaki. Nikikuta inaozea mitini, napakia vitu vyake, anakuja kukaa kwangu Mbagala. Shamba achukue baba mdogo. Nimemaliza."

Mama hakujibu. Aligeukia ukutani. Mama akisema sana hakuna shida. Akinyamaza ndipo pabaya. Baba amelala pale juu, kwenye kahawa, chini ya msalaba wa saruji, na Mama kila Jumapili humpelekea habari za wiki nzima. Ataziongelea wapi huko Mbagala?

Jumatatu, 9 Juni

Nimehamia Kingerikiti kwa Mama. Kibanda nitafungua siku za soko tu. Siku nyingine ni mimi, ndoo na miti.

Jumamosi, 14 Juni

Nimechuma kutwa. Nikigeuka nyuma sioni nilipopita. Mama amekaa kwenye kigoda chini ya mti anaonyesha kwa kidevu: "Pale umeacha. Na pale. Usivute tawi hivyo, unaliumiza." Nimemwambia nitamfunga na mdomo hogo. Tumecheka mpaka Vitalia akaja kuuliza kuna nini.

Jumatano, 18 Juni

Zamu ina watu sitini na mmoja. Nilipaswa kurukaruka. Badala yake nimekaa na simu nimekunja uso.

Wote wametoa. Walimu wa hesabu wanne, mafundi viatu, wasusi, mtu wa kuchimba vyoo, fundi pikipiki, mama mmoja anatoa "kumwombea mtu yeyote". Kwenye Nahitaji hakuna mtu. Patupu! Nyumba sitini na moja hazina hata mlango mmoja unaogoma kufunga?

Nimempigia Iddy. "Wewe chumba chako kinavuja, kila siku unanililia. Mbona huandiki unahitaji fundi?"

"Mimi tena? Nionekane nimekuja huku kuombaomba? Hapana bwana. Waanze wenyeji."

Jumapili, 22 Juni

Padri kaniruhusu kutangaza baada ya misa. Nimesema vizuri, wamepiga makofi, kumi na wawili wamejiunga hapo hapo uani. Wote Natoa. Mama mmoja kanishika mkono: "Hongera mwanangu, kitu kizuri sana. Nikiona mwenye shida nitamwambia." Nikamuuliza yeye hana shida? "Aka! Mimi Mungu anajalia." Paa lake naliona kutoka barabarani, nusu limefunikwa turubai.

Jumanne, 24 Juni

Upepo. Matunda yameanza kudondoka chini. Nimeokota mpaka mgongo umekataa kunyooka.

Alhamisi, 26 Juni

Nimeamua kuwafungulia njia. Vichanja vya Mama vya kuanikia kahawa vimelegea miguu, na hata kile kidogo nilichochuma sina pa kukitandaza vizuri. Nimebonyeza Nahitaji kwa jina la Mama: seremala, vichanja. Ndiyo Nahitaji ya kwanza ya Zamu! Baada ya muda mfupi amejibu Fundi Blasius wa Kihagara, kule ziwani. Atakuja Jumamosi. Kutoka ziwani kupanda milima yote hii kwa ajili ya vichanja vya mtu asiyemjua! Nimempigia Iddy simu, nikampigia na kelele za furaha.

Jumamosi, 28 Juni

Sijui nianzie wapi, nina hasira mpaka kalamu inachana karatasi.

Asubuhi niliwahi mjini kufungua kibanda. Nilimwambia Mama: fundi anakuja, mwonyeshe vichanja, basi, huna kazi nyingine. Saa saba Blasius ananipigia. "Dada, habari za huko. Nimefika kwa mama, nimebisha mpaka basi. Redio inaongea ndani, lakini hakuna anayeitikia." Nikasema labda amekwenda kwa jirani, subiri. Akasubiri. Akabisha tena. Mwisho akaondoka.

Nimerudi mbio na boda. Mlango uko wazi, Mama yuko jikoni, anachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Barazani kuna bakuli kubwa la bati limejaa usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, limefunikwa jani la mgomba. Ameliacha Blasius.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa humu."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Jamani! Alijificha! Mwanamke wa miaka sitini na nane, amejibanza nyuma ya mlango wa jiko, anamchungulia fundi kwenye ufa. Nikapandisha sauti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia Mama. Nikamwambia ameniaibisha, ameiua Zamu siku ya kwanza, na Methodi akija anayo haki ya kumpakia. Hilo la mwisho nimelisema kweli, na Mungu anisamehe.

Akaweka ungo chini. "Mtu atoke ziwani na misumeno begani, anitengenezee, halafu aondoke kwangu hajanawa mkono? Mimi Walburga? Nitampikia na mkono upi, Ida?"

"Nimeandika hakuna kupika!"

"Uliandika. Ulimwandikia nani? Mimi hukuniuliza."

Tumelala hatujasemeshana.

Jumapili, 29 Juni

Kimya. Misa, kimya. Usipa tumekula, watamu kupita kiasi, kimya.

Jumanne, 1 Julai

Leo nimemwomba Mama msamaha tukiwa kwenye kahawa. Hakusema amenisamehe, aliniambia tu niache kuchuma mabichi. Kwa Mama huo ndio msamaha.

Kisha nikamuuliza habari za mwaka ule Baba alipovunjika mguu na watu wakaja kutulimia. Nilikuwa na miaka saba. Ninavyokumbuka mimi, uwanja ulijaa watu alfajiri, ukungu umekaa chini hata wakubwa walionekana vichwa tu, majembe begani, wanataniana kwa Kimatengo kuhusu nani mke wake analima kumzidi. Waliimba wakipanda mlima. Sisi watoto tulibeba maji na kupigana kwa ajili ya ukoko. Na nakumbuka masufuria, mengi, yamepangwa uwanjani kutoka jikoni mpaka mlangoni, na Mama katikati, uso umeloa jasho na moshi. Ndiyo picha niliyotembea nayo miaka yote. Ni kwa sababu ya picha hiyo nimeandika sharti la Zamu kwa herufi nene.

Mama kaniuliza: "Masufuria yale yalikuwa ya nani?"

"Ya kwetu."

"Weee! Mimi nilikuwa na sufuria mbili, moja imetoboka. Yale kila mwanamke alikuja na lake, na unga wake, na maharage yake. Mimi nilikoroga tu. Na baba yako hakuita mtu. Mtu hajiiti mwenyewe, ni aibu, na ni ubinafsi pia, maana ukijiita unawapa watu kazi ya kukukatalia. Marehemu baba mkwe wa Vitalia ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akisema, 'Mwenzetu ameumia, shamba linamsubiri, mimi naenda, nabeba hiki.' Ndivyo ilivyokuwa."

Nimesimama na ndoo mkononi kama mjinga. Nilikuwa mtoto, niliona masufuria, sikuona yametoka wapi. Nimetengeneza programu nzima juu ya kitu nilichokiona nusu. Nimelia kidogo pale kwenye mti. Nilimkumbuka Baba na mguu wake umenyooshwa barazani, akitaka kuinuka kila mtu anapopita, nao wanamsukuma akae. Nilidhani walikuwa wanamtania.

Jumamosi, 12 Julai

Sijaandika kwa kuwa mchana nachuma na jioni nafumua Zamu. Nimefuta sharti la kupika. Nimeongeza kitufe kikubwa cha tatu: Namwitia Mwenzangu. Unamwitia watu mtu mwingine, huruhusiwi kujiita wala kumwitia wa nyumbani kwako. Na anayekuja anaandika chini yake: Nitaleta. Unga, kuni, maji, mdomo wa kuchekesha watu, chochote.

Iddy kauliza, "Na Nahitaji unaiondoa?" Nimeiacha pale chini, ndogo. Huenda siku moja mtu akaikuta.

Jumatatu, 14 Julai

Iddy amemwitia Vitalia! Jiko lake limeezuliwa na upepo wa juzi. Ameandika: "Mama Vitalia wa Kingerikiti anapikia uwanjani. Nitakuja. Nitaleta misumari na njaa." Mpaka jioni watu tisa wamejibu.

Jumamosi, 19 Julai

Jiko la Vitalia limeezekwa. Walikuja na unga, maharage, togwa ya kutosha kijiji, na bi mmoja wa Mbinga mjini aliyekuja na sufuria yake kwenye basi, kaikalisha mapajani njia nzima. Iddy juu ya paa na kofia yake ya Tanga, anapiga nyundo vidole vyake zaidi ya misumari, wazee chini wanamcheka mpaka wanashika mbavu. Nilisimama nikasikiliza kelele zile. Sikuwa nimezisikia tangu nina miaka saba.

Alhamisi, 24 Julai

Zamu haishikiki. Yule mama wa turubai ameitiwa na mwalimu wa hesabu. Mwalimu wa hesabu ameitiwa na fundi viatu. Kila mtu anamwitia mtu.

Mama hajaitiwa.

Nimechuma mpaka mstari wa tatu. Kule juu karibu na kaburi la Baba matunda yamekuwa meusi.

Jumapili, 27 Julai

Nimejua kwa nini. Vitalia kaniambia kanisani, akiwa anaangalia pembeni. "Watu wanaogopa. Wanasema mama Walburga hataki watu kwake. Yule fundi wa ziwani alibisha, akafungiwa. Wanasema labda ninyi wenye programu mna mipango yenu."

Nilitaka kumwomba yeye aite. Mama kaona midomo yangu, kanivuta gauni. Nyumbani kanionya: "Ukimtuma mtu akuitie, umejiita. Usithubutu."

"Mama, Nane Nane imebaki siku kumi na mbili! Methodi anakuja na gari!"

"Naijua tarehe."

Kisha akaniuliza bakuli la yule fundi nimeliweka wapi.

Jumanne, 29 Julai

Leo tumeshuka ziwani, Mama, mimi na bakuli la bati. Chombo cha mtu hakirudi kwake kitupu, kwa hiyo Mama amekijaza maharage mapya ya ngoro, amechagua moja moja kwa mkono wa kushoto, imemchukua jana nzima.

Njiani, ziwa lilipotokea chini kati ya vilima, Mama akaanza kusimulia bila kuulizwa. Zamani yeye na Baba, wachumba, walishuka njia hii kwa miguu na vikapu vya maharage na mahindi. Watu wa ziwani walikuwa na samaki, sisi tulikuwa na shamba. Mlikutana, mkapimiana, mkala pamoja, mkarudi. Mwanamke mmoja wa Kihagara alimfundisha kukausha usipa, naye Mama alimfundisha kusuka mkeka wa kimilima. "Huyo rafiki yangu alikuwa na kicheko!" alisema. "Ukimwacha huku chini, unakisikia mpaka umefika nusu ya mlima." Alishakufa, siku nyingi.

Blasius tulimkuta ufukweni anapigilia ubao wa mtumbwi. Mtu mzima, mpole, ana penseli sikioni. Mama hakuzunguka.

"Baba, mimi ndiye niliyekufungia mlango. Nilikuwa ndani. Nilikuonea haya kwa sababu sikuwa na cha kukupa. Hili ni bakuli lenu."

Blasius alilipokea kwa mikono miwili, akafunua, akanusa maharage. Halafu akacheka. "Mama, nilijua uko ndani. Niliona kanga kwenye ufa. Mke wangu naye angefanya hivyo hivyo. Karibuni, mmeze kitu kwanza."

Tumekula ugali wa muhogo na samaki, mbasa wa kuchoma, na mkewe akataka kujua kila kitu juu ya huo mkono. Hatukusema neno juu ya kahawa. Wakati wa kuondoka Blasius aliuliza tu, "Ile kahawa niliyoiona mitini, ilishachumwa?" Mama akajibu, "Bado." Basi.

Jumatano, 30 Julai

Hakuna kitu. Nimetazama simu mpaka betri imeisha.

Ijumaa, 1 Agosti

Ameita!

Naandika alivyoandika: "Mama Walburga wa Kingerikiti amevunjika mkono na kahawa imemzidi. Nilifika kwake nikaiona. Alikuja kwangu akala. Nane Nane siendi kwenye maonyesho, naenda kwake. Nitaleta usipa, msumeno na mke wangu."

Nimemsomea Mama. Aliinuka akaanza kufagia uwanja kwa mkono mmoja, siku saba kabla. Nikamwacha afagie.

Jumatano, 6 Agosti

Hogo limetolewa jana. Mkono umekonda. Mama anautazama kama wa mtu mwingine.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimechoka hoi, lakini nisipoandika leo nitajidanganya kesho.

Walikuja na ukungu. Nilisikia kabla sijaona: pikipiki, kisha vicheko, kisha sufuria zinagongana. Blasius na mkewe. Yule mama wa turubai. Walimu wawili. Iddy na wenzake wa ofisini, wawili, wageni huku kama yeye, hawajawahi kushika mti wa kahawa maishani, Vitalia akawapanga mistari na kuwatukana kwa upendo. Watu wa Kingerikiti ambao walikuwa wanapita mbali na mlango wetu tangu Juni. Mama alisimama katikati ya uwanja amevaa kitenge cha Pasaka. Kila mwanamke aliyepita alitua sufuria yake miguuni pake akaenda zake kuchuma. Mama akakoroga. Kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi walikuwa mistari ya chini, saa sita wamefika kaburini kwa Baba. Nikamsikia mwalimu mmoja anasema, "Mzee, hodi, tunapita." Wakachuma kumzunguka taratibu. Blasius alikuwa amemaliza vichanja, mashine ya kumenyea waliyokuja nayo inaunguruma, kahawa inamwagika, na wazee wawili wakaanza ule wimbo wa kupandia mlima. Nusu ya maneno wamesahau. Wakawa wanaimba wanayoyakumbuka na kucheka kwenye mapengo.

Methodi alifika saa tisa. Aliegesha gari barabarani maana uwanja haukuwa na nafasi. Alisimama na suti yake ya safari, na shuka za kufungia vyombo vya Mama zimo mkononi. Mtu mmoja asiyemjua akamkabidhi ndoo: "Kaka, mstari ule wa juu haujaisha." Kaka yangu akatazama ndoo, akanitazama mimi, akakunja suruali. Alichuma mpaka jua likazama.

Jumamosi, 9 Agosti

Methodi amenyamaza, kama alivyoahidi. Amekaa kwenye kahawa kutwa, anaigeuza kwenye vichanja. Alinitaka nimwonyeshe Zamu. Akajiunga. "Unatoa nini, kaka?" Akawaza mno. "Nyumba tupu tu ninayo," akasema. Nikadhani anatania, nikacheka.

Jumapili, 10 Agosti

Ameondoka asubuhi. Mama kamfungia maharage, kambariki. Gari limeshuka halina kitu nyuma, na mimi nilifurahi! Niliingia ndani nikacheza peke yangu jikoni. Tumeshinda, Mama anabaki.

Saa nne na nusu simu ikalia. Zamu. Mtu amebonyeza Nahitaji. Kile kitufe kidogo cha chini. Wa kwanza kukibonyeza mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Nikamsomea Mama: "Methodi, Mbagala. Nahitaji mtu wa kuja kuniona nikiugua. Mwezi wa tatu nililazwa wiki nzima, hakuja mtu. Miaka kumi na moja mtaa ule. Naandika hapa kwa sababu hapa wote hawanijui, isipokuwa wawili."

Hakutuambia. Mwezi wa tatu kila nilipompigia alisema yuko na kazi nyingi. Nikamlaumu kwa kutompigia Mama Jumapili.

Mama aliweka mwiko chini.

"Mwitie," akasema.

"Mama, wa nyumbani hairuhusiwi. Na Dar hatuna mtu hata mmoja."

"Sijakuuliza wako wangapi. Amefika wapi?"

Nilimpigia. Alikuwa njiani, pale Kitai, amesimama kunywa chai. Kwanza alifikiri Mama ameanguka tena, nilisikia kiti kikisukumwa. Mama akaninyang'anya simu.

"Sijaanguka. Geuza gari. Kahawa Vitalia na hawa wenzio wa Zamu waliokuja leo wataigeuza, wameshakubali, nimewauliza kupitia dirishani. Na usije na zile shuka zako, sihami. Nakuja kumwona mgonjwa. Nitarudi mvua za kwanza, nina maharage ya kupanda."

Halafu nikamsikia kaka yangu, mwanamume wa miaka arobaini na moja, anayenitisha tangu tuko wadogo, analia katikati ya watu wanaokunywa chai Kitai.

"Mama, mgonjwa alishapona," alisema.

"Nimechelewa," Mama akajibu. "Nitaleta maharage, kahawa, na mimi mwenyewe. Njoo."

Sasa yuko barazani, kavaa viatu vya kanisani, kibegi magotini, anatazama barabara. Ameshapanda kaburini kwa Baba kumuaga na kurudi. Mimi nimebaki kugeuza kahawa na kuandika haya, na gari la Methodi nalisikia linapanda.